Kisiwa cha Nusu Kiazi

Jamani, hii hamtaamini. Hata mimi nilibisha, mpaka nikaonyeshwa hicho kisiwa kwenye simu, nikakikuza kwa vidole viwili, nikacheka hadi nikapaliwa.

Kuna jamaa anaitwa Lenzi. Kazi yake mpiga picha. Kipaji chake, mdomo. Siku moja kakaa mgahawani, akamsikia mtu wa tai nyekundu, meza ya jirani, analalamika kwenye simu: "Nataka mpiga picha wa kwenda pwani! Hoteli yetu mpya haina hata picha moja!"

Chai ya Lenzi ikaachwa inapoa yenyewe.

"Bosi, samahani kwa kuingilia mazungumzo. Mimi na bahari tunaitana kwa majina."

"Unaweza kuondoka lini?"

"Nimeshaondoka, bosi. Huyu unayemwona ni kivuli."

Mtu wa Tai akacheka, akatoa nauli na hela ya kulala siku nne. Lenzi akamtazama akiondoka, akamhurumia kabisa. Watu wengine wasiachwe watembee mjini peke yao.

Pwani gani sasa! Lenzi alimuaga mkewe stendi kwa mbwembwe zote, akazunguka nyuma ya mabasi, akaenda kujichimbia stoo kwa rafiki yake seremala. Bahari ikazaliwa humo: karai la maji yenye bluu ya kufulia, mchanga wa kujengea, feni ya kuleta mawimbi. Kisiwa kilikuwa nusu kiazi kilichochomekwa majani ya karoti. Mnazi? Manyoya ya jogoo kwenye kijiti. Akasogeza kamera karibu, na kweli, ukiitazama ile picha unasikia chumvi mdomoni.

Kila mchana akampigia mkewe, fundi cherehani, ambaye bahari hajawahi kuiona hata siku moja.

"Mbona nasikia feni?"

"Feni wapi? Upepo wa bahari huo, mke wangu!"

"Na hiyo kwaru-kwaru?"

Seremala alikuwa anapiga randa.

"Kaa hao. Huku wako wakubwa, acha tu."

"Na kile kisiwa ulichonitumia picha, umefika?"

"Nimeogelea mpaka nimefika. Nikalala chini ya mnazi."

Mkewe akashusha pumzi. "Ipo siku na mimi."

"Ipo siku."

Mtu wa Tai alipoletewa picha hakuuliza swali hata moja. "Hizi ndizo hasa nilizokuwa nazitafuta," akasema. Lenzi akarudi nyumbani anapiga mluzi. Mjinga kama yule unamwombea maisha marefu.

Wiki tatu baadaye Lenzi anaingia nyumbani, kona ya cherehani iko tupu. Zimebaki alama za miguu ya cherehani tu sakafuni. Kwenye kochi, mama mkwe katulia na kofia ya jua kichwani, humo humo ndani.

"Cherehani iko wapi?"

"Nimeiuza!" Mkewe anaruka-ruka. "Jumamosi tunaondoka, mimi, wewe na mama. Siku tatu kisiwani, nimeshalipia kila kitu! Boti itatufuata gatini!"

Akamsogezea simu. Karai. Kiazi. Jogoo. Juu yake pameandikwa: NAFASI ZA MWISHO.

"Ume... umemlipa nani?"

"Kaka mmoja mstaarabu, ana tai nyekundu. Mama ndiye alikuwa anasita, eti matapeli wamejaa. Nikamwambia, mama, picha hizi kapiga mume wangu. Kalala chini ya mnazi huo huo!"

"Hapo nikanyamaza, baba," akasema mama mkwe. "Ningebisha nini tena?"

Lenzi akatoka uani, akapiga namba ya Mtu wa Tai. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Hoteli haikuwepo tangu siku ile ya chai.

Jumamosi asubuhi basi linaunguruma. Mkewe kakaa dirishani, kavaa gauni alilolishona kabla cherehani haijachukuliwa.

"Mume wangu, tukishuka tu kwenye boti, nipeleke kwanza pale ulipolala. Utapakumbuka?"

"Nita... nitapakumbuka."

Mama mkwe akafungua kopo, akatoa kiazi cha kuchemsha, akakikata katikati, akampa nusu.

"Kula, baba, safari ndefu. Mbona unakikodolea macho hivyo?"

Kondakta akagonga bodi mara mbili. Mlango bado uko wazi.

Haya, wewe unayesoma, usijifanye malaika: ungekuwa wewe, na hiyo nusu kiazi mkononi, ungesema nini?