Chachu ya Babu Firmino

Jumatatu, 3 Juni
Daktari Lidiane wa chuo kikuu kafika huku kwetu milimani Canastra. Anatafuta bakteria wa jibini wanaofika tumboni wakiwa hai. Atawapasua, atoe vinasaba vyao, mashine ivinakili mpaka visomeke. Mwenye chachu itakayoshinda, jina la ukoo wake litawekwa kwenye nembo ya jibini la ushirika. La ukoo wangu, basi. Chachu yetu, yale maji yanayodondoka kwenye jibini la jana tukayatia katika maziwa ya leo, aliianzisha babu Firmino, aliyemzaa babu yangu. Nimemwambia daktari mara tatu. Shemeji Adelino, kaka wa mke wangu, akauliza mbona jibini lake ndilo linaloisha kwanza sokoni. Watu wakacheka. Nimekosa hamu ya kula.

Jumanne, 4 Juni
Chachu ya Adelino ni bora. Mdomo wangu hautasema, ila ulimi unajua. Huku mtu hanyimwi chachu. Ikikuharibikia, unabisha hodi kwa jirani na chupa, unapewa. Lakini nimwombe Adelino? Bora nife. Alipokuwa akikamua, nikatambaa chini ya benchi lake la jibini, nikajaza chupa. Ng'ombe mmoja kaniona. Nyumbani nikamwaga ya babu Firmino mferejini, nikasugua ndoo. Nisamehe babu, ni kwa heshima yako.

Jumatano, 5 Juni
Daktari kachukua jibini jipya kwangu na kwa Adelino, na kipande cha la mwaka jana kwa kila mmoja. Kisha akagawa vikopo vya choo kikubwa. Zulmira, mke wangu, karudisha chake papo hapo. Mimi nimekaa chooni saa nzima. Adelino akapita dirishani, akauliza kama nahitaji chachu.

Ijumaa, 28 Juni
Majibu! Daktari kayasoma mbele ya ushirika mzima. Jibini langu jipya na la Adelino: bakteria wale wale. Jasho likanitoka. Akaendelea: la mwaka jana la kwangu, wale wale pia. La mwaka jana la Adelino, wengine kabisa. Adelino akatazama viatu vyake, akakiri. Mvua za Januari ziliharibu chachu yake, akaona haya kuniomba, dada yake akampa chupa ya kwetu kwa siri.
Kumbe nimeiba mali yangu. Na babu Firmino niliyemmwaga mferejini yu hai kwenye ndoo yangu. Nimelia mbele za watu, sikujali.
Tumboni mwa Zulmira bakteria hao wamekutwa hai tele. Nembo ni yetu! Mwangu hakukutwa hata mmoja, ila wale wa mtindi wa kiwandani. Nimesema vikopo vimechanganywa. Zulmira kauliza huwa naficha wapi huo mtindi.

Jumamosi, 29 Juni
Adelino kaja na mikate ya jibini, kaomba radhi. Kasema sisi ndugu, tangu leo tuombane tu. Nimemkumbatia, nikamsamehe kwa sauti ya kufika barabarani. Habari za Jumanne ile sikuona haja ya kumchosha nazo.
Daktari atarudi Agosti kupima bakteria wa maji ya chemchemi. Wanaisifu ya Adelino. Nikimwomba atanipa, najua. Nimeshaosha madumu mawili, na nimechunguza saa anazokamua.