Injinia wa Bega Laini

Phares alikuwa ameegemea ukuta ng'ambo ya kanisa pale Kaloleni, njiti ya kiberiti mdomoni, akiwaza habari za sofa, wakati mama mmoja mnene aliposhuka kwenye Peugeot nyeupe akijisugua shingo kama kuku aliyeponea kisu.

Mawazo ya sofa yalikuwa na chanzo chake. Wangeci wa Ziwani alikuwa amekubali kuolewa naye, ila kwanza shangazi yake na mumewe, waliomlea tangu utotoni, waje waone nyumba.

"Na wakija watakalia wapi, Phares? Ndoo?"

Chumba cha Phares kule Umoja kilikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa na kigoda cha kuazima. Vitambaa vilikuwapo. Wangeci mwenyewe alikuwa amevifuma kwa kroshia, vyeupe vyenye maua ya zambarau ukingoni: vya mgongoni, vya mikononi, na kile kirefu cha kutandaza kati. Vilikaa kwenye karatasi vikingoja kiti, na kila Phares alipovitazama aliona aibu, kana kwamba vitambaa vyenyewe vinamwuliza.

Kimeu, fundi wa sofa kando ya Jogoo Road, alikuwa amempa njia. "Mbao ninazo, sponji ninayo. Ninachokosa ni mikanda ya kusuka pale chini. Hii mipira ya tyubu inalegea, mtu akikaa anagusa sakafu. Niletee mikanda imara ya viti viwili, kimoja ni chako."

Sasa hapa, mbele ya macho ya Phares, mkanda imara ulikuwa ukining'inia ndani ya gari, na mwenye shingo analalamika. Alitema njiti, akanyoosha tai yake nyekundu, akavuka barabara. Viatu vyake vilikuwa vya rangi mbili, vyeusi na vyeupe, na vilitembea kama vimealikwa.

"Pole, Mama. Naona mkanda umekula shingo."

"Umekula shingo, umekula kola, umekula na pasi yangu ya asubuhi!" Waruguru, ndilo jina la yule mama, alionyesha gauni lake la akina mama wa kanisa. Makunyanzi yalianzia begani yakashuka hadi kiunoni kama barabara ya vumbi.

"Si uache kujifunga," akasema mumewe, Muturi, akifuta vumbi la taa ya gari kwa mkono wa koti.

"Niache? Na vile wewe unaendesha?"

Phares aliinamisha kichwa. "Injinia Nabiswa, kutoka Bega Laini. Kazi yetu ni kulainisha mikanda ya magari. Tunaitoa, tunaichemsha kwenye mafuta yake maalumu, tunaichana kwa brashi. Ikirudi, Mama, ni sikio la sungura."

"Bei gani?" Muturi alipiga jicho.

"Kwako wewe bure, mzee. Wa kwanza hatozwi. Ila mtambo hauwashwi kwa gari moja. Nitafutie wenzako kadhaa."

Neno bure lilimwingia Muturi kama chai ya maziwa asubuhi ya baridi. Kabla sadaka haijapita, alikuwa ameshawazungukia wenye magari wote wa kanisa, akimtoza kila mmoja kitu alichokiita ada ya mtambo. Ada hiyo Phares hakuiona wala hakujua ipo. Alikuwa mjanja, lakini siku hiyo hakuwa peke yake.

Mtambo wenyewe ulikuwa sufuria. Ndani yake Phares alichemsha blanketi la kijivu, aina ile watoto hubeba wakienda bweni, pamoja na makaa yaliyosagwa mpaka likashika weusi. Akalianika, akalikata vipande virefu, akavishonea vile vyuma vya mikanda kwa mshono wa kujirudia, nadhifu kabisa, kwani marehemu nyanya yake alimfundisha kushona na alikuwa hataki uzi uliolegea. Mikanda ya blanketi akairudisha kwenye magari; ile halisi akampelekea Kimeu.

Phares hakutaka mtu aumie, jamani. Hakufikiria tu mpaka huko. Fikira zake zilikuwa zinaishia kwenye sofa.

Jumapili iliyofuata kanisa zima lilimsifu. "Hata sisikii kama nimefungwa!" Waruguru aliwatangazia wenzake, naye alisema kweli kuliko alivyojua.

Siku ya wageni ikafika. Kimeu alileta sofa tangu asubuhi, akabaki kukaza msumari wa mwisho. Phares alitandaza vitambaa, akavipiga-piga, akarudi nyuma kuvitazama, machozi yakamlenga. Chai ilikuwa tayari, mandazi yamefunikwa. Gari likanguruma nje. Akafunua pazia kidogo, akalifunga upesi.

Peugeot nyeupe. Wangeci alikuwa anashuka nyuma. Mbele alishuka Waruguru, nundu kwenye paji, kofia imebondeka, na mkononi kipande cha blanketi kilichokatika. Nyuma yao mtu alikuja akikokota mkokoteni, akipiga kelele kuhusu kabeji zake.

"Kimeu!" Phares alinong'ona. "Keti hapo. Kuanzia sasa wewe ni mimi!"

"Niwe wewe nifanye nini?"

"Sema ndiyo. Ukiulizwa lolote, ndiyo!" Akaruka nyuma ya sofa, akajikunja.

Waruguru aliingia akiwa anaendelea na hadithi. "...Muturi akakanyaga breki kwa sababu ya huyu wa kabeji, mkanda ukasema praa! Nikabusu kioo! Ngoja nimpate yule injinia, tai yake nyekundu na viatu vyake vya rangi mbili!"

"Tumpeleke polisi," akasema Wangeci, aliyekuwa ameisikia habari ya viatu tangu garini na hakuipenda hata kidogo.

Muturi alikohoa. "Polisi wa nini, mwanangu? Wataanza kuuliza mambo ya ada... mambo mengi. Wewe kijana, hujambo? Hii ni nyumba yako?"

"Ndiyo," akasema Kimeu, na Wangeci akamkazia macho mtu huyu asiyemjua.

Waruguru aliketi. Sofa ikampokea, ikabonyea kidogo, ikamwinua tena taratibu. Uso wake ulilegea. "Ai! Kiti kinanishika kama mama. Umekitengeneza wewe?"

"Ndiyo," na hilo lilikuwa kweli, kwa hiyo Kimeu alilisema vizuri.

"Unakunywa pombe?"

"Ndiyo."

"Angalau hadanganyi. Utamtunza huyu mtoto wetu?"

Kimeu alimtazama Wangeci. Wangeci alikuwa anatazama chini ya sofa, mahali ambapo ncha mbili za viatu, nyeusi na nyeupe, zilikuwa zikichungulia. Alivitazama kwa muda. Kisha akainua macho, akamtazama fundi: mikono yake safi, msumari ungali umebanwa kati ya vidole.

"Jibu, bwana," akasema polepole. "Anti anangoja."

"Ndiyo," akasema Kimeu, na sauti yake ikapasuka katikati.

Nyuma ya sofa kitu kiliguna.

Muturi, ambaye hanunui hata kikombe bila kukigeuza chini, alikuwa ameshapiga magoti. Akaingiza mkono chini ya kiti, akavuta. "Hii rangi ya kijani ni ya lango langu! Nilipoibeba garini, ilimwagikia mkanda. Hii ni mikanda yangu!"

"Ndiyo."

"Utairudisha?"

"Ndiyo."

"Tutabeba sofa yote," akaamua Waruguru, "mikanda haitang'olewa mpaka nikae vizuri kwanza. Muturi, shika pale!"

Wakainua. Phares akabaki amechuchumaa sakafuni, kitambaa chenye maua ya zambarau kichwani.

"Injinia!"

"Mama," akasema Phares, akikivua kitambaa kwa adabu, "nilikuwa nakagua ulaini."

"Huyu ni nani kwako?" Waruguru akamgeukia Kimeu. "Ni kibarua wako?"

Phares alimkonyeza Kimeu, akatikisa kichwa, akaomba kwa nyusi. Lakini Kimeu alikumbuka aliloambiwa. Maagizo ni maagizo.

"Ndiyo."

"Basi abebe!"

Wangeci aliinama. Aliokota vitambaa kimoja kimoja, akavikunja kwenye karatasi yao, akampa Kimeu avishike.

Sofa ikapakiwa juu ya mkokoteni, na mwenye kabeji akapanda juu yake, akalala chali, akasema fidia yake imetosha. Kwa kuwa kamba ya kuvutia haikuwepo, Muturi alichukua mkanda halisi mmoja uliosalia kwenye vifaa vya Kimeu, akaufunga kwenye mkokoteni, akaupitisha begani kwa Phares kama punda wa maji.

Walipofika Outer Ring Road mkanda ulikuwa umeshaanza kula shingo. Peugeot ikapunguza mwendo ubavuni mwake. Wangeci na Kimeu walikuwa wameketi nyuma, kila mmoja akitazama dirisha lake na kucheka. Waruguru alishusha kioo, akatupa kile kipande cha blanketi kikamwangukia Phares begani.

"Tia hapo chini ya mkanda, Injinia," akasema. "Kwako ni bure."