Clyde Tolliver Amsalimia Jamleck

Mungu alipogawa vipaji, Jamleck alipewa mdomo, kisha akarudi kwenye foleni akachukua mwingine. Siku hiyo alikuwa amejikinga mvua katika kibanda cha kanda za muziki pale River Road, akamsikia mzee mwenye kofia ya kauboi akimlilia muuzaji.

"Kanda zote za Clyde Tolliver, yule Mmarekani wa muziki wa kantri, niko nazo! Ni ile shoo alipiga Texas tu ndiyo sina, ile haikuwahi kutoka. Mtu akiniletea hiyo, nampea hata hiyo Peugeot yangu hapo nje."

Jamleck akachungulia. Peugeot ya njano, imepigwa polishi hadi matone ya mvua yalikuwa yanateleza. Akaipenda pale pale, mapenzi ya kweli, jamani, ya kukosa usingizi.

"Mzee, hiyo shoo nilikuwa," akasema. "Na nilirekodi."

Mzee Mbuthia, landilodi wa mtaa wa Satellite, hakuuliza Jamleck alifikaje Texas. Mwenye hamu haulizi.

Jamleck akaenda moja kwa moja Kangemi kwa Kihara, mpiga mugithi, ule muziki wa Kikuyu wa gitaa moja, katika baa ya nyama choma. Kihara huziimba nyimbo za Tolliver kwa pua kumshinda Tolliver mwenyewe. Kinasa sauti kikawekwa mezani, wateja wakaahidiwa supu wapige makofi.

"Kizungu tu, Kihara. Ukitoa Kiswahili, tumeisha."

Lakini mpiga mugithi ana desturi yake. Aliyemnunulia kinywaji lazima asalimiwe kwa jina katikati ya wimbo, na anayetajwa huinua mkono. Asiyeinua huonekana ana madharau. Na soda ya Kihara ilikuwa imenunuliwa na Jamleck.

Kesho yake, sebuleni kwa mzee, Satellite, kanda ikaanza. Mzee akafumba macho, machozi yakamtoka. Katikati ya wimbo wa pili, Mmarekani akasema kwa pua: "Ladies and gentlemen, Jamleck from Kangemi! Jamleck, mkono juu!"

Pale kwenye kochi, mkono wa Jamleck ukapanda wenyewe.

Mzee akafumbua macho. "Anakujua?"

"Ni beshte yangu, mzee."

"Na Kiswahili?"

"Si ni mimi nilimfunza?"

Mzee akamkumbatia, akamtia ufunguo mkononi. "Chukua gari, kijana. Mtu amesalimiwa na Tolliver hawezi enda nyumbani na miguu."

Jamleck hakungoja kusikiliza upande wa pili wa kanda. Angengoja, angemsikia Kihara, wimbo umemkolea, akiwaaga mashabiki: "See you Sunday, hapa hapa Kangemi, saa nane, mbuzi itakuwa tayari!"

Jumapili Jamleck alikuwa ameketi katika baa hiyo, Peugeot mlangoni, akiwaeleza watu jinsi alivyoiagiza kutoka Ufaransa. Saa nane Mzee Mbuthia akaingia na suti, kofia na shada la maua. Alikuwa ameliona gari lake nje, akafurahi sana.

"Jamleck amemtoa airport!" akamwambia mhudumu. "Tolliver ako wapi?"

Jukwaani Kihara akaanza kuimba. Sauti ya pua ikatoka ile ile ya kanda. Mzee akasikiliza ubeti mzima, uso ukimbadilika, kisha akampa mhudumu maua. Akatoa mfukoni ufunguo wa pili wa Peugeot na kuanza kukagua meza moja moja.

Jamleck tayari alikuwa chini ya meza ya pembeni. Mzee akapita, viatu vyake vikakaribia kumkanyaga vidole, akaenda zake. Akageuka kuelekea mlangoni. Jamleck akapumua. Bado dakika moja, atoroke kwa mlango wa jikoni, azunguke achukue gari kabla mzee hajalifikia.

Lakini Kihara hakuwa na habari, na mkononi alikuwa na soda mpya.

"Na sasa tumsalimie aliyeninunulia hii soda!" akaimba. "Jamleck, uko wapi? Mkono juu!"

Kutoka chini ya meza, mkono ukapanda.