Siku Mwalimu Leona Alipotangulia

Sogeeni, enyi mlioketi karibu na jiko na enyi mlioketi mbali nalo! Wekeni vikombe chini, mnyamaze, maana leo naisimulia njia panda ya Dunmorrow, mkoani Manitoba, ambapo majeshi manne yalikabiliana asubuhi ya Jumanne ya mwezi wa pili, katika baridi ya nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri, na hakuna hata moja lililokubali kushinda.

Shujaa wetu ni Leona Wiebe, bingwa wa chaki, mwenye kofia nyekundu ya sufu, aliyefundisha darasa la tatu miaka thelathini na minne bila kupaza sauti. Aliwafundisha watoto wa mji ule mambo mawili: jedwali la kuzidisha, na kumpisha mwenzio. Jedwali wengi wamelisahau.

Siku hiyo alikuwa anakwenda vitani. Baraza la mji lilitaka kuving'oa vibao vinne vyekundu vya njia panda, vile vinavyomwamuru kila dereva asimame, na kujenga kiplefti, ule mzunguko wa magari usiomsimamisha mtu, mahali pake. Leona alikuwa na hotuba ya kurasa mbili mfukoni, na hoja yake ilikuwa moja: watu wenye adabu hawahitaji kuzungushwa. Lakini msemaji asiyekuwepo ukumbini saa nne kamili jina lake lingefutwa, na kura ingepigwa pasipo yeye kusikika.

Saa nne kasoro dakika kumi na mbili akakifikia kibao cha kusini, akakanyaga breki. Na katika nukta ileile, kana kwamba tarumbeta moja imewaita wote, wengine watatu wakasimama. Kulia kwake, mashariki, alisimama Orest Hrynchuk, mwenye masharubu kama ufagio, mstaafu wa ghala la nafaka, mpiganiaji mkuu wa kiplefti, naye akielekea baraza hilohilo. Kaskazini alisimama Jas Gill juu ya katapila la kusukuma theluji. Na magharibi alisimama mgeni, Dale Lindquist wa Dakota Kaskazini, ng'ambo ya mpaka, aliyebandika dirishani karatasi yenye neno SAMAHANI kwa herufi kubwa, kwa ajili ya ushuru mpya ambao serikali yake imezitoza bidhaa za majirani.

Sheria ya nchi ile husema: mkifika pamoja, mpishe aliye kulia kwako. Basi Leona akampisha Orest kwa mkono. Orest akampisha Jas. Jas akampisha Dale. Dale akampisha Leona. Mikono ikapanda na kushuka nyuma ya vioo kama bendera za jeshi linalosalimu amri mbele ya jeshi lililokwisha kusalimu amri. Honi haikulia, mara ya mwisho honi kusikika Dunmorrow ilikuwa harusini. Kisha wote wanne, wakichoka kwa pamoja, wakasogea kwa pamoja, wakafunga breki kwa pamoja, wakaombana radhi kwa vichwa.

Hapo Leona akashuka, theluji ikilia chini ya buti zake, akasimama katikati ya uwanja wa vita na kunena:

"Orest Hrynchuk! Pita basi, bwana, uko kulia kwangu!"

Orest akashusha kioo. "Nipite vipi na Jas yuko kulia kwangu? Unataka nionekane sina malezi, tena mbele ya mgeni?"

"Mimi nampisha mgeni, Mzee Orest," Jas akaita toka juu. "Na hata asingekuwepo, simtangulii Mwalimu. Alinisimamisha nje ukutani mwaka mzima kwa kuchomekea foleni."

"Wiki mbili, Jaswinder," Leona akamsahihisha kwa jina lake kamili.

"Ile baridi, Mwalimu, ilikuwa ya mwaka."

Dale naye akatoa kichwa. "Jamani, mimi ndiyo siwezi kabisa. Mke wangu kaniambia, Dale, huko kwa sasa usitangulie kitu chochote. Hata mlango wa duka."

"Si kosa lako, ndugu," Orest akamwambia kwa upole. "Ila machungwa yenu hatununui."

"Hata mimi ningekuwa nyinyi nisingenunua."

"Umeona sasa, Leona?" Orest akanguruma. "Kingekuwepo kiplefti, saa hizi tungekuwa tunakunywa kahawa!"

"Kiplefti, kwa watu hawa?" Leona akajibu. "Na nani angeingia wa kwanza?"

Orest akafuta barafu masharubuni.

Leona akatazama saa. Nne kasoro dakika nne. Akarudi garini na moyo mzito, kwani katika miaka sabini na mmoja hakuwahi kutangulia. Kipande cha mwisho cha keki kanisani hukikata nusu, na nusu hiyo nusu, hata yabaki makombo ambayo hayawezi kukatika, nayo huyaacha. Lakini hotuba mfukoni haikuwa na miguu ya kwenda yenyewe.

Akashusha vioo vyote, baridi ikaingia kama mkuki, akapaza sauti kwa mara ya kwanza maishani: "Samahani!" Akatia gia. Gurudumu likateleza, likashika, likauvuka mstari, na lile gari dogo la kijivu likalipasua jangwa jeupe kwa mwendo wa kilomita kumi na tano kwa saa. Jas akavua kofia.

"Kapita!" Orest akapiga kelele. "Leona kapita!"

Jina lake lilipoitwa alikuwa ukumbini, akihema. Kiti cha Orest kilikuwa kitupu, na karani ameshainua kalamu ya kumfuta.

"Mngojeni Bwana Hrynchuk," Leona akasema. "Amekwama, na mimi ndiye niliyemwacha."

Wakangoja dakika kumi na nne. Orest akaingia, masharubu yameganda. Ndipo Leona akazikunja kurasa zake mbili.

"Niliandika kwamba adabu inatosha," akasema. "Haitoshi. Leo imetugandisha. Lakini hata kiplefti kinamtaka mtu wa kuanza. Kama ni lazima mmoja wetu awe mkorofi, na awe mkorofi hapohapo tulipopazoea."

Mwenyekiti akamgeukia Orest.

"Nilikuwepo," Orest akasema. "Ni kama alivyosema." Akaketi.

Kwa kura tano dhidi ya mbili, vibao vilibaki. Jas na Dale walipishana hadi mchana, wakaishia kula pamoja.

Na kumbukumbu za kikao cha siku hiyo zimo katika fremu ukumbini, kando ya picha ya treni ya kwanza kuingia Dunmorrow. Watoto wa darasa la tatu hupelekwa kuzisoma, kimyakimya, kwa foleni. Karani aliandika hivi: "Saa nne kasoro dakika tatu, Bi. Wiebe alitangulia. Aliomba radhi."