Vita vya Kiti Mbele ya Chaza

Ninyi nyote mliopita katika ukumbi ule mkajifanya mnatazama dari, tegeni masikio, maana nawajua na sijasahau hata mmoja. Nasimulia habari za Mama Funguo, mlinzi wa makumbusho ya viumbe, simba jike wa makabati ya vioo, aliyesimama tangu mlango ufunguliwe hadi ufungwe, miguu ikamvimba hata viatu vikakataa kumpokea, na daktari akamwonya kuwa asipokaa ataupoteza ule wa kushoto. Lakini sheria ya nyumba ile tukufu ilikwisha kunena: mlinzi hakai. Kiti kilikuwepo, tena cha kifahari, kingali na nailoni yake ya dukani, kikimngoja mgeni rasmi ambaye tangu uzinduzi hajaonekana.

Siku ya vita Mkurugenzi aliteremka na jeshi lake la suti na manukato, akapiga kambi mbele ya chaza aliyeng'ang'ania jiwe. Kibao cha chaza kilikuwa na neno moja: sessilis.

"Samahani, bosi," akasema Mama Funguo. "Hili neno nalipangusa vumbi kila asubuhi. Maana yake nini?"

Mkurugenzi akakohoa kama anayehutubia mataifa. "Kilatini hicho, mama. Latokana na sedere, yaani kukaa. Ni kiumbe aliyekaa mahali pake, amejishikiza, hahamihami."

"Na hakuna anayemwambia ainuke?"

"Ainuke aende wapi? Ndiyo maumbile yake."

"Kumbe."

Ndipo shujaa akaichana ile nailoni kwa kishindo kilichotetemesha vioo, akakiburuta kiti hadi ubavuni mwa chaza, akaketi.

"Mama, hicho ni cha mgeni rasmi."

"Akija nitampisha, mwanangu. Nimemngoja kwa miguu, sasa namngoja kwa makalio."

Majemadari wa suti wakakagua viatu vyao. Andikeni, enyi wanahistoria mnaolipwa kusahau: alasiri ile mguu wa kushoto wa mlinzi ulipumzika, na dola haikuanguka.

Mkurugenzi, kwa ushujaa wake usio kifani, ameagiza kiti kiondolewe kesho asubuhi, hata kama mama amekikalia. Mlango hufunguliwa saa mbili. Wewe unayesoma hapa, wahi, kaa sakafuni ukizunguke kiti kile, na wakikuambia uinuke, usiinuke.