Vikohozi Vitatu na Ukungu wa Kitulo

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mvua tangu alfajiri. Rangi haikauki. Masika ni adui wa mchora vibao. Kiangazi nachora saluni, bucha na bajaji Iyunga nzima, hapa Mbeya. Masika nakaa barazani na kuangalia ukungu unavyoumeza mlima.

Habari kubwa! Ujumbe umeingia kwenye simu kutoka Iringa. Madam Lea Kalinga, mwalimu wa sanaa, anaandaa maonyesho ya wachoraji wa Nyanda za Juu, Jumamosi tarehe 22. Picha moja kwa kila mtu. Mada: masika. Nimeusoma mara nne nikiwa nimesimama.

Miaka thelathini na moja nachora. Vichwa vya saluni (najua kuchora kichwa kimoja tu, nakibadilisha nywele), ng'ombe wa bucha, soda zenye barafu. Vyote vimepakwa rangi juu. Duka likipata mmiliki mpya, brashi ya chokaa inapita, na mimi napita nayo. Hakuna ukuta duniani uliokaa na kazi yangu miaka mitatu. Nataka picha moja tu, ukutani, chini yake imeandikwa Ambokile. Moja! Baada ya hapo Mungu akiniita nitaitika.

Sedekia, mchoraji wa ng'ambo ya barabara, naye kapata ujumbe. Anapeleka Mlima Kilimanjaro. Hajawahi kuuona. Huwa anautoa kwenye kalenda.

Tatizo ni mahali pa kuchorea. Pakavu pekee ni baraza la nyuma, na baraza la nyuma linatazamana na jiko la mkwe wangu Pendo, mke wa mwanangu Asukile aliyeko machimboni Makongolosi. Sisi Wanyakyusa, mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani uso. Mjini wengi wameacha. Mimi sijaacha! Nikirudi nyumbani nakohoa mara tatu kwenye kona ya mparachichi, yeye anaingia ndani, ndipo napita. Mwaka wa nne huu. Hata siku ya harusi nilitazama viatu vyangu. Uso wake siujui. Maharage yake nayajua vizuri sana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefika Kitulo, kwenye uwanda wa maua! Mpango wangu: Sedekia anachora mlima wa kalenda, mimi nachora maua kwa macho yangu. Nikaomba lifti kwenye lori la viazi linalorudi tupu. Mwenda bure si mkaa bure.

Sijui niandikeje. Ukungu ulikuwa umelala chini kabisa. Ukafunguka. Maua! Ya njano, ya zambarau, meupe yenye madoa, mpaka macho yanapoishia, na juu yake upepo unapita polepole na kila ua linainama kwa zamu. Hakuna aliyepanda. Hakuna anayepalilia. Nilivua kofia. Nikasimama nayo mkononi mvua inaninyeshea kichwani, na nililia kidogo, sioni aibu kuandika.

Dereva alipiga honi. Kumbe saa mbili zimepita. Karatasi nyeupe. Sikuwa nimechora hata jani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimechora kwa kumbukumbu, kutwa nzima barazani. Mama Asukile, mke wangu, akaja na chai, akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto. Akasema kabichi zimekubali. Nikamwambia ni maua, yale yaliyonivua kofia Kitulo. Akasema basi maua yamefunga vizuri, wiki ijayo yanaweza kuvunwa.

Ni kweli. Ni kabichi. Mikono yangu inajua kichwa na ng'ombe, na kabichi ni kichwa pia.

Nimeacha picha barazani ikauke. Rangi na brashi nimeacha hapo hapo. Sina nguvu ya kufunga hata kopo.

Jumapili, 9 Machi

MUUJIZA.

Nimerudi kutoka kanisani saa saba. Nikakohoa mara tatu pale konani. Nikasikia mlango wa jiko ukifungwa, nikapita. Picha yangu! Kabichi tatu za mbele si kabichi tena. Ni maua. Yameinama kwa zamu. Upepo unapita ndani yake, nauona!

Nimekaa chini. Nimetazama mpaka ugali ukapoa. Nikafikiri kisomi na nimepata jibu: ni unyevu. Rangi ya mafuta ikikutana na masika, inatembea yenyewe kutafuta mahali pake. Miaka yote nimeilaumu mvua kumbe ndiyo fundi! Kazi ya mchoraji ni kuanza tu, kisha aondoke.

Jumatano, 12 Machi

Nimeondoka kwa makusudi. Asubuhi nilisema kwa sauti kubwa uani kwamba naenda mbali na nitachelewa. Nikasimama chini ya paa la kituo cha mafuta saa tatu nzima, sina shughuli yoyote. Watu walidhani nauza.

Narudi, vikohozi vitatu, mlango, napita. Ukungu umeingia kwenye picha. Ukungu wenyewe! Mweupe lakini si mweupe, unaona kuna kitu nyuma yake. Nimeunusa kabisa. Unanuka thina ya kuzimulia rangi.

Sedekia akachungulia juu ya uzio. Akapanda juu ya tofali aone vizuri. Akaniuliza siri ni nini. Kwa wema wa moyo wangu nikamwambia: iache picha nje, ifanyiwe kazi na masika.

Ijumaa, 14 Machi

Sedekia aliacha Kilimanjaro yake nje usiku. Anatumia rangi za maji. Asubuhi theluji imeshuka mpaka kwenye twiga, na twiga wameondoka kabisa. Hanisalimii.

Mambo madogo ya nyumbani. Mama Asukile kaleta ujumbe kutoka kwa Pendo: mkwe anaomba, kama baba anakwenda dukani, buluu imekwisha. Buluu! Ya nini jikoni? Pia kanga yake kwenye kamba ina doa la njano. Manjano ya pilau, nadhani. Huyu binti anapika kwa fujo. Nimenunua kopo la buluu kwa ajili ya amani ya nyumba na nimelisahau barazani, karibu na picha.

Mama Asukile alitazama kopo, akanitazama mimi. Akaniuliza kama kweli sioni kitu. Nikamwambia mimi ni mchoraji, naona kila kitu.

Jumanne, 18 Machi

Kuna mtu kwenye picha.

Jana hakuwepo. Leo nimerudi kutoka kwa kinyozi, nikakohoa, nikapita, na yupo. Mzee, katikati ya maua, anatembea kuingia kwenye ukungu. Anaonekana mgongo tu. Kofia mkononi. Bega la kushoto limeshuka. Koti lina kiraka. Sijawahi kumwona mzee huyu maishani mwangu, lakini anapoenda nataka kumwita arudi.

Nimeogopa. Nimesali. Ni malaika? Malaika mwenye kiraka? Nilishika brashi nimfute kwa sababu sikumwalika. Mkono ukakataa. Zaidi ya saa nzima mkono umekataa! Mwishowe nimefanya nilichoweza: nimeandika AMBOKILE pembeni chini, kwa herufi za bucha, zinazosomeka kutoka barabarani.

Ijumaa, 21 Machi

Iringa! Nimefika na shingo mbovu.

Mama Asukile alisema Pendo naye anakuja kwenye maonyesho. Nikauliza kwa nini. Akasema binti hajawahi kutembea. Basi tukapanga: mimi kiti cha mbele kabisa nyuma ya dereva, mkwe kiti cha mwisho kabisa, mama katikati kama mpaka wa nchi. Kutoka Mbeya mpaka Iringa sikugeuza shingo. Makambako kulikuwa na jambo la kuchekesha upande wa kulia, abiria wote wakacheka, mimi nikatazama mbele. Mafinga misonobari ilipita imejaa mvua, mirefu, kimya, ilipendeza mpaka nikasahau shingo kidogo.

Picha nimeipakata. Sikuiweka kwenye buti.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika kabla sijalala. Nitaandika yote.

Ukumbi ulijaa. Picha arobaini! Kuna kijana wa Njombe kachora baridi, baridi yenyewe, nikafunga vifungo vya koti. Kuna mama wa Ilula kachora nyanya moja tu, nikajisikia njaa na huzuni kwa pamoja. Nilizunguka mdomo wazi. Nilidhani wachoraji nchi hii ni mimi na Sedekia. Hata Sedekia kaleta ile iliyoloa, kaiita "Mlima Mawinguni", na watu wanaisifu!

Lakini mbele ya picha yangu watu hawakusifu. Walisimama. Walikuja wakiongea, wakafika, wakasogea karibu. Bibi mmoja alinyoosha mkono kama anataka kumvuta yule mzee koti.

Madam Lea Kalinga akaniuliza, kwa adabu sana, yule mtu ni nani. Nikajibu ni roho ya masika. Nyuma yangu Sedekia akaangua kicheko. Akasema roho gani, huyo ni wewe! Akawaambia watu watazame lile bega lililoshushwa na kubeba ngazi miaka thelathini, na kiraka cha koti. Nikavua koti mbele za watu. Nikaligeuza. Kiraka. Kile kile.

Mungu wangu. Ni mimi. Nani anajua mgongo wake?

Madam Lea akauliza tena, polepole, mtu anachoraje mgongo wake mwenyewe. Nikasema vioo. Viwili. Akauliza, na bega? Nikasema vioo vitatu. Hapo nikageuka kutafuta pa kutokea. Niligeuka ghafla, bila kukohoa! Na mlangoni kulikuwa na mwanamke. Akageuka haraka kama desturi inavyotaka, kanga kichwani. Niliona mgongo wake tu. Na mkono alioshikia kanga. Kwenye kucha kulikuwa na buluu.

Nikaelewa yote mara moja. Unyevu! Unyevu gani. Binti wa Matamba, Kitulo ni uani kwao, amelima viazi katikati ya yale maua tangu utoto. Miaka minne ndani ya uzio wangu. Na kwa miaka minne kitu pekee cha mimi alichowahi kukiona ni hiki: mzee anayekwenda zake. Akakitazama vizuri hivyo. Akakichora bila hata tone la dharau. Mimi sijawahi kumtazama mtu hivyo, na nimechora vichwa elfu.

Nililia, ndiyo, mbele ya Sedekia. Kisha nikasema. Nilisema mchoraji ni mkwe wangu, mke wa Asukile, jina lake Pendo. Mimi nilichora kabichi. Kabichi mbili bado zipo kule nyuma, mnaweza kuziona.

Makofi mpaka bati likaitika.

Likabaki jina langu, herufi za bucha. Madam Lea akasema mwenye picha ndiye anayepaswa kuamua. Pendo akatuma jibu kupitia kwa Mama Asukile: hawezi kuamua jambo la jina la baba mkwe, hata kulitamka haruhusiwi. Basi nikaamua mimi. Nikasema Pendo alifunike kwa rangi. Nikatoka nje, nikasimama nimeangalia ukuta, nikawa nakohoa kila baada ya muda ajue niko mbali. Nilipoitwa, AMBOKILE haipo. Kuna nyasi ndefu zilizolala kwa mvua, nzuri kuliko jina lolote.

Kwa hiyo nimepakwa rangi juu tena. Mara hii jina limekwenda, lakini mgongo umebaki ukutani. Nilikaa mbele yake mpaka wakafunga ukumbi.

Jumanne, 25 Machi

Nyumbani Iyunga. Mvua. Asukile kapiga simu kutoka Makongolosi, analia kwa furaha. Madam Lea anataka picha tatu zaidi za Pendo kwa maonyesho ya kiangazi. Mama Asukile kasema zipo koo za Kinyakyusa zilizokwisha kuiondoa hii desturi kwa zawadi na sala, na mimi nifikirie. Nitafikiria. Ningependa kuuona uso huo.

Lakini kwanza nimefikiri kisomi. Kila mchoraji anajua kwamba picha huharibiwa na kuzidisha. Unaongeza ua moja, unaongeza jingine, imekufa. Sasa, nani alimwambia Pendo aache? Mara zote tatu, nani? Kikohozi changu! Kilifika pale pale palipotakiwa, si mapema, si kuchelewa. Bila kikohozi kungekuwa na maua mpaka kwenye fremu. Kwa hiyo ile picha tumeichora wawili. Nimemweleza Mama Asukile. Amekwenda kulala mchana, kitu asichofanya.

Sedekia kanielewa mara moja. Ameniomba nikamkoholee Alhamisi. Nimeanza kutafuna tangawizi.

Barazani nimeweka kanvasi mpya, kubwa mara mbili. Nimechora anga kidogo, na kabichi moja ya kuanzia. Buluu ipo. Nimetangaza uani kwa sauti kwamba nakwenda msibani Tukuyu na nitachelewa sana. Hakuna aliyekufa.

Jina langu nimeshaliandika kabisa, nyuma ya kanvasi, ambako nyasi hazifiki.