Tovuti Yangu Haikai kwa Mtu

Jumamosi, 22 Novemba

Siku kubwa hapa Tripoli ya Lebanoni! Ami Rushdi anastaafu. Miaka hamsini ya kuchemsha sabuni ya zeituni, magoti yamekwisha. Hana mtoto. Ana watoto wawili wa kaka zake: mimi, na binamu yangu Wafik. Yaani ana mmoja, na Wafik.

Ametuita karakanani, ufunguo mkononi. Akasema Shangazi Nuhad na wanawe huko São Paulo wana maduka matatu na wanaitaka sabuni yetu, ila siku hizi hawanunui kitu wasichokiona mtandaoni. Basi kila mmoja wetu atengeneze tovuti. Ijumaa saa nane mchana, baada ya chakula, Shangazi atazifungua zote mbili. Tovuti itakayobaki wazi mpaka amalize kuagiza, mwenyewe anachukua ufunguo na karakana. Mwingine ataendelea kufunga sabuni kwenye karatasi.

Nimefunga sabuni kwenye karatasi miaka kumi na tisa. Mikono yangu inanukia kama bibi harusi. Inatosha!

Nimependekeza chakula kiliwe kwetu. Ami anakaa ghorofa ya juu yetu, hatahangaika na ngazi nyingi. Wema wangu hauna mwisho.

Jumapili, 23 Novemba

Tovuti tayari. Nzuri mno. Sabuni zinazunguka zenyewe. Kuna na muziki. Sasa inatafutiwa pa kukaa: kompyuta ya kampuni fulani isiyozimwa usiku wala mchana, unailipia pango kama chumba.

Nimesoma kampuni kumi na moja. Kila moja ni bora kuliko zote. Zote zina picha ya binti yuleyule mwenye vipokea sauti masikioni, anacheka. Anacheka nini? "Bila kikomo," wanasema, halafu kinyota kidogo. Nikakifuata kinyota mpaka chini kabisa. Kikomo kiko huko, kimekaa raha mustarehe. Mwaka wa kwanza bei ya mkate wa falafeli. Mwaka wa pili bei ya harusi.

Nikajaribu ya bure. Juu ya sabuni zangu likatokea tangazo la dawa ya fangasi wa miguu. Halikubali kuondoka. Nikaondoka mimi.

Wafik amechagua yake asubuhi moja. Kasoma masharti, kamtafuta mteja wa zamani wa kampuni hiyo, kamuuliza kama wanapokea simu mambo yakiharibika, kalipa, kaenda kunywa kahawa. Hana hata mkakati! Jioni akanipigia. Eti nafasi aliyopanga ni kubwa, tovuti yangu inaweza kukaa humo humo bure, sisi ni ndugu. Nikamwambia ahsante, tovuti yangu haikai kwa mtu.

Jumatatu, 24 Novemba

Wazo! Kwa nini nipange ilhali nina nyumba? Kompyuta yangu ya zamani ipo. Nimeiweka stoo ya jikoni, kati ya gunia la ngano ya bulguri na madebe ya zeituni, nikaiunganisha na intaneti, nikaihamishia tovuti. Ikafunguka! Sasa kampuni ni mimi. Nimefikiria hata kupiga picha nikiwa na vipokea sauti masikioni.

Saa nne na dakika ishirini tovuti ikafa. Mama alikuwa anapiga pasi.

Umeme wa gridi huja mtaani kwetu ukijisikia. Muda uliobaki tunaishi kwa jenereta ya Abu Fahim, na nyumba yetu imelipia ampea tano. Ampea tano ni friji, taa, televisheni na kompyuta yangu. Ongeza pasi, swichi kuu inaanguka na kila kitu kinazimika.

Saa tano ikafa tena. Hita ya maji. Saa saba, mashine ya kufulia. Kampuni zinaahidi kuwa wazi asilimia tisini na tisa ya siku. Mimi leo nimefika arobaini na moja. Kwa siku ya kwanza si haba.

Jumanne, 25 Novemba

Nimebandika sheria kwenye friji. Pasi: marufuku. Hita: dakika kumi, kwa maombi ya maandishi. Mama kasoma mpaka mwisho, kisha kauliza mwenye nyumba hii ni nani. "Miaka sitini na minane naoga maji moto, leo niombe ruhusa kwa kompyuta?" Akawasha hita, pasi na oveni kwa mpigo. Oveni haikuwa na kitu ndani.

Nikaenda kwa Abu Fahim. Nikamwomba ampea kumi. Akasema jenereta imejaa pomoni. Kunipa mimi ni kumpunguzia mwingine. Nikamwekea mezani boksi la sabuni, ile iliyokaushwa miezi tisa. Akainusa. Akasema, "Haya, ngoja nitazame nani hatagundua."

Sikuuliza nani. Kuulizauliza ni utovu wa adabu.

Jumatano, 26 Novemba

Ampea kumi! Mama anapiga pasi, mashine inafua, tovuti inadunda. Nimeshinda stoo nikiitazama kama mtu na mtoto wake wa kwanza.

Mchana nimekutana na Ami Rushdi ngazini, kajifunga skafu mbili. Analalamika kwamba tangu asubuhi akiwasha hita tu, swichi yake inaanguka, na haikuwa hivyo. Ametia udhu kwa maji baridi, magoti yanamuuma kama yanapigwa nyundo. Nikaulaani umeme pamoja naye, kwa moyo wote. Nikampelekea chai ya anisi. Nani mwingine angefanya hivyo?

Alhamisi, 27 Novemba

Ami anapiga chafya, dari letu linasikia. Nimempelekea chai nyingine. Akasema akifa kabla ya kesho, ufunguo uko kwenye kopo la mchele. Nikamwambia asiseme maneno hayo. Kopo ni la bluu, rafu ya pili.

Wafik kaja kumchemshia maji kwenye gesi, sufuria baada ya sufuria, siku nzima. Kujipendekeza nako kuna mipaka! Tovuti yake hata hajaitazama. Nilipomuuliza kama haogopi, akasema kwani kuna nini cha kuogopa, iko kwa wenye kazi yao.

Maskini. Nilimhurumia kidogo.

Ijumaa, 28 Novemba



Yote yalianza vizuri. Mama kapika mughrabiya. Nyumba ina joto, oveni inawaka, hita inawaka. Simu ya Ami mezani, Shangazi Nuhad kwenye video na wanawe wawili, kwao bado asubuhi, macho mazito. Akafungua tovuti ya Wafik kwanza. Ukurasa mweupe. Picha ya sabuni moja, imepinda. Bei, namba ya simu, basi. Shangazi akasema, "Inafaa." Neno moja!

Akafungua yangu. Sabuni zikazunguka. Muziki ukalia. Shangazi akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza! Akaanza kuagiza, boksi arobaini, halafu sitini. Ami akautoa ufunguo, akausukuma juu ya meza kuja kwangu. Niliugusa. Chuma baridi, kizito, kizuri.

Ndipo Ami akavua skafu ya kwanza. Akavua ya pili. Akatazama oveni, akatazama hita, akauliza inakuwaje ghorofa ya chini ni kiangazi na ya juu yeye anaganda. Akataka Abu Fahim ampe siri. Nikasema leo Ijumaa, tumwache mtu apumzike. Alishapiga kwa simu ya Mama, akaweka sauti isikike kwa wote.

Abu Fahim ni mkweli sana pale ukweli usipomgharimu. "Siri gani, Hajj? Ampea tano kati ya kumi zako ziko hapo hapo kwa Nazih. Aliniletea boksi la sabuni. Nikajua mmeelewana, si damu moja nyie?"

Wote wakanigeukia. Hata São Paulo. Muziki wa tovuti ukaendelea kulia.

Ami akamwambia azirudishe sasa hivi. Zikarudi. Oveni, hita, taa, tovuti, vyote chini. Kwenye simu Shangazi akasogeza uso karibu na kioo. "Nazih mwanangu, sabuni zimepotea." Akafikiri kidogo. "Na wewe pia."

Ami akaniuliza kama nilijua ni za kwake. Nikaapa sikujua, sikuuliza. Akasema, "Ndiyo. Hukuuliza." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Ufunguo ukarudi njia ileile, ukapita sahani ya mughrabiya, ukafika kwa Wafik. Wafik hakucheka. Angecheka, ningepata cha kumchukia.

Jumamosi, 29 Novemba

Mama hasemi na mimi. Anasema na kompyuta: "Mwambie mwenzio chakula kiko mezani."

Nimempandishia Ami ndoo ya maji moto. Akapokea ndoo, akafunga mlango. Niliyaona magoti yake, kayafunga vitambaa vya sufu, yamevimba. Niliona aibu. Kweli kabisa, ilinikaa kifuani mpaka adhuhuri. Siku tatu mzee wa watu anatia udhu kwa maji baridi, na mimi namletea chai!

Nimeapa: sitachukua tena umeme wa mtu maishani mwangu.

Jumanne, 2 Desemba

Wafik kaja, na halawa ya jibini mkononi. Amemsihi Ami, na Ami kakubali: niiangalie tovuti ya karakana. Kanipa maneno ya siri yote. Sharti moja, nisiguse chochote kingine. Nilitaka kukataa kwa heshima zangu, lakini halawa ilikuwa bado ina moto.

Jana Wafik kamfungia Ami paani mtambo wa kuchemsha maji kwa jua. Mzee kaoga mara mbili leo. Anaimba. Nimefurahi kwa ajili yake, machozi kidogo yamenitoka.

Lakini hiyo kampuni! Mwaka baada ya mwaka tulipe pango, tovuti ya ukoo ilale kwa watu baki! Nimeihamisha mchana huu. Iko stoo, salama. Kiapo changu nakiheshimu: umeme wa mtu sigusi. Jua si la mtu. Nimeazima paneli mbili kwa fundi. Paa lote limejaa matangi, kona inayopata jua ni moja tu, na zimeenea vizuri sana pale, mbele ya mtambo wa Ami. Zinautia kivuli kidogo. Labda zaidi ya kidogo.

Ila ni Desemba. Nani anaoga Desemba?